Kukaa Paris na Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mitaa na Malazi

Maswali haya yametoka kwa wazazi wanaojiandaa kwenda Paris na familia kwa siku nne hadi kumi, wengi wao wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Ninayojibu nimeyapata kwa kukaa huko na wanangu mara kadhaa, na safari moja tukiwa na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Neno langu kubwa ni moja na mtaliona likirudi: usichague pa kulala kwa kuuliza Mnara wa Eiffel uko wapi. Uliza lifti iko wapi, jiko liko wapi, na bustani iko hatua ngapi kutoka mlangoni.

Naona namba kama 5e, 11e, 18e kwenye matangazo. Maana yake nini?

Paris ina wilaya 20, Wafaransa huziita arrondissement. Ya kwanza iko katikati, hapo penye Louvre, na zinazofuata zinazunguka kuelekea nje kama gamba la konokono hadi ya 20 upande wa mashariki. Mto Seine unaukata mji: kaskazini ni ukingo wa kulia, kusini ni ukingo wa kushoto.

Namba ya wilaya utaikuta mwishoni mwa msimbo wa posta. 75005 ni wilaya ya tano, 75012 ni ya kumi na mbili. Ukiwa barabarani, inua macho kwenye kona ya jengo: kibao cha bluu chenye ukingo wa kijani kinataja jina la barabara, na juu yake namba ya wilaya.

Tazama msimbo kabla ya kulipa. Hoteli ikijiita ya Paris huku msimbo ukianza na 92, 93 au 94, iko nje ya mji. Si lazima iwe mbaya, nami hapa chini nitawasifia Vincennes ambayo ni 94300. Ila 95700 ni Roissy, kule uwanja wa ndege, na familia inayolala huko kwa sababu ya bei itaimaliza nafuu hiyo kwenye nauli na kwenye vilio vya watoto waliochoka.

Ni mara yetu ya kwanza, tuna mtoto wa miaka 3 na wa miaka 7. Tukae mtaa gani?

Kwangu mimi, wilaya ya 5, kati ya bustani ya Luxembourg na Jardin des Plantes. Bustani mbili kubwa, moja kila upande, na watoto wako watakuwa na pa kukimbilia asubuhi kabla ya makumbusho na jioni baada yake. Pale Luxembourg kuna bwawa la mviringo ambapo watoto hukodi mashua ndogo za matanga na kuzisukuma kwa fimbo. Upepo huipeleka mashua upande wa pili, mtoto anazunguka bwawa mbio kuisubiri, anaisukuma tena. Wa kwangu alifanya hivyo saa nzima, na siku hiyo hakuna mtu aliyemsikia akiuliza tunarudi lini. Jardin des Plantes ina bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1794 na jumba la mifupa ya wanyama wa kale ambalo mtoto wa miaka 7 hatalisahau.

Faida nyingine: treni ya RER B inatoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi kituo cha Luxembourg bila kubadilisha. Na barabara ya Mouffetard ina wauza matunda, samaki na mkate, kwa hiyo chakula cha jioni hakikupeleki mbali.

Ubaya wake ni bei. Ikikushinda, usikimbilie pembezoni moja kwa moja, pitia kwanza hizi. Batignolles katika wilaya ya 17 ni mtaa wa familia za Kiparis wenyewe, una bustani ya Martin Luther King yenye viwanja vya michezo, na metro namba 14 inasimama Pont Cardinet pembeni yake. Wilaya ya 12 ina soko la Aligre, ambalo hufungwa Jumatatu tu, na ile njia ya miguu iliyojengwa juu ya reli ya zamani. Wilaya ya 15 ni tulivu na ya kawaida kabisa, watu wanaishi na kwenda kazini, na upande wake wa kaskazini unaweza kutembea hadi Eiffel. Halafu kuna Vincennes, nje kidogo ya mpaka wa mashariki: metro namba 1, RER A, ngome ya wafalme, na msitu mkubwa wenye bustani ya maua. Kwa pesa ileile utapata chumba kipana kuliko katikati.

Je, Marais?

Ni kuzuri, na uwanja wa Place des Vosges una nyasi na mchanga wa kuchezea. Lakini fleti zake ni ndogo na za zamani, na bei ni kali. Nendeni mchana mtembee, mrudi kulala kwingine.

Watoto wanataka kuuona Mnara wa Eiffel dirishani. Hata hilo si sababu?

Naelewa, na sitaki kuwavunja moyo. Lakini wilaya ya 7 usiku ni kimya, maduka ya kawaida ni machache ukiacha barabara ya Cler, na chumba chenye mnara dirishani kitakula bajeti ya siku tatu za chakula. Mnara huo unameremeta dakika tano mwanzoni mwa kila saa giza likishaingia. Chukueni metro namba 6, ambayo karibu nusu yake inapita juu ya ardhi. Kati ya Bir-Hakeim na Passy treni inavuka mto na mnara wote unajitokeza dirishani. Waweke watoto upande unaotazama mnara, na hapo nauli ya kawaida imewapa kile mlichotaka kukilipia kila usiku.

Hoteli au fleti?

Kwa familia ya watu wanne kwenda juu, mimi nasema fleti au hoteli ya fleti, na sababu ya kwanza ni chumba chenyewe. Kwetu mtu huomba godoro la ziada na mambo yanaisha. Paris mapokezi watakataa, kwa sababu idadi ya watu katika chumba imewekwa kwa usalama wa moto, na vyumba vingi ni vya watu wawili, pengine watatu. Usiweke nafasi ya watu wawili ukitarajia kuwaingiza watoto kimya kimya. Andika umri wa kila mtoto. Kama ni hoteli, maneno ya kutafuta ni chambre familiale, chambre quadruple, au chambres communicantes, yaani vyumba viwili vyenye mlango katikati. Hilo la mwisho omba uthibitisho wa maandishi, maana vyumba viwili vilivyo jirani si lazima viwe na mlango wa ndani.

Hoteli ya fleti ni suluhisho zuri la kati: kuna mapokezi ya kuachia mizigo, jiko dogo ndani, na mara nyingi mashine ya kufulia chini. Kampuni kama Citadines na Adagio zina majengo mengi ya namna hii mjini.

Ukichukua fleti ya mtu binafsi, angalia namba ya usajili kwenye tangazo. Jiji la Paris linadhibiti kwa ukali ukodishaji wa siku chache, na tangu 2025 mtu anaruhusiwa kukodisha nyumba anayoishi kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka, kutoka 120 za awali. Namba zilizozoeleka za Paris zina tarakimu 13, na tano za kwanza zinataja wilaya: ikianza 75105, nyumba iko wilaya ya 5. Tangazo likisema Marais huku namba inaanza 75119, kuna jambo la kuuliza. Lisilo na namba kabisa, liache.

Tangazo linasema lifti ipo. Inatosha?

Haitoshi, na hili nalisema kwa uchungu. Majengo mengi ya Paris ni ya karne ya 19, ghorofa sita hivi, na lifti ilipachikwa baadaye kwenye uwazi mwembamba katikati ya ngazi. Safari tuliyokwenda na mama, tulikodi fleti ghorofa ya tano katika wilaya ya 11, tangazo likiwa na alama ya lifti. Lifti ilikuwepo. Iliingia mtu mmoja na begi moja, mlango ukagusa begi. Siku ya pili ikakwama, ikabaki hivyo hadi tulipoondoka. Mama alipanda kwa miguu, ngazi za mbao za mzunguko zilizopakwa nta zikateleza, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikilia, mwingine kwenye bega la mwanangu aliyekuwa akihesabu: ngazi 94. Kila kituo cha ghorofa alisimama akajifanya anatazama milango ya watu. Siku tatu hakushuka kabisa, akasema anapenda kupumzika. Mwenye nyumba alijibu kwamba lifti ni ya jengo, si yake.

Tangu hapo naandika kabla ya kulipa, na majibu nayahifadhi. Lifti inaanzia chini kabisa, au kuna ngazi kadhaa za kupanda kwanza? Upana wake ni sentimita ngapi? Kigari cha mtoto kinaingia bila kukunjwa? Na kama mna mzee au mjamzito, chagueni ghorofa ya pili kushuka chini, ili lifti ikifa mwendelee kuishi.

Kitu gani kingine cha kumwuliza mwenye nyumba?

Vitanda. Kitanda cha watu wawili cha Kifaransa mara nyingi kina upana wa sentimita 140, chembamba kwa baba, mama na mtoto anayelala katikati. Canapé-lit ni kochi linalofunguka, na tangazo la watu sita mara nyingi linawahesabu wawili humo. Ukiona neno mezzanine, ni kitanda cha juu kinachopandiwa kwa ngazi nyembamba, na kwa mtoto mdogo kikatae.

Madirisha. Mengi yanafunguka kutoka karibu na sakafu, nje kuna uzio mfupi wa chuma. Omba picha, na meza wala kiti kisiwe chini ya dirisha.

Kelele. Uliza kama vyumba vya kulala ni sur cour, vinatazama uani, au sur rue, vinatazama barabara. Uani ndiko kunakolalika. Barabara za Oberkampf na Lappe, na eneo la Pigalle, zina baa hadi usiku wa manane, kwa hiyo hata fleti nzuri huko mtoto ataamka.

Choo. Nyumba nyingi hazina bomba la kutawadhia wala kustanjia. Wekeni kopo kwenye begi, halina uzito.

Tuna kigari cha mtoto. Metro itatuweza?

Metro ya Paris ilianza mwaka 1900 na ngazi zake ni za wakati huo. Namba 14 ndiyo yenye lifti katika vituo vyote. Kwingine mtabeba, na kwenye vituo vikubwa vya kubadilisha mtabeba mara mbili tatu. Kwa hiyo kigari chepesi kinachokunjika kwa mkono mmoja ndicho cha kwenda nacho.

Sisi tumeishia kupenda mabasi. Yana sakafu ya chini, kuna nafasi ya kigari, na mtoto anauona mji badala ya ukuta mweusi. Namba 69 ikitoka Gambetta inapita Bastille na Louvre hadi karibu na Eiffel. Unapotafuta malazi, tazama basi gani linapita mlangoni kabla hujatazama metro.

Mtoto chini ya miaka 4 hahitaji tiketi, na kuanzia miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 10 analipa nusu. Kila mwenye tiketi awe na kadi yake ya Navigo Easy, ambayo tiketi hupakiwa humo, kwa euro 2, maana kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwa wakati mmoja. Kituo cha karibu na fleti siku ya kwanza ndipo pa kulimaliza hilo, watoto wakiwa na mkate mkononi.

Kuna mitaa ya kuogopa?

Kuogopa, hapana. Kuepuka kulala na watoto, ndiyo: mazingira ya Gare du Nord, Barbès, Stalingrad na Porte de la Chapelle. Hoteli za bei nafuu ziko nyingi huko, na mchana mtapita salama. Ila kurudi saa nne usiku na mtoto begani na begi mkononi ni jambo lingine.

Wezi wa mifukoni wako zaidi pale watalii walipo: metro namba 1, ngazi za Sacré-Cœur, chini ya Eiffel, kituo cha Châtelet. Mtu akikujia kukufunga uzi mkononi, rudisha mkono mfukoni na uendelee kutembea. Wanaokujia na karatasi ya kutia saini ni hivyo hivyo.

Chakula halali, na chakula chetu, tutakipata wapi?

Halali iko tele Belleville, Barbès na kando ya barabara ya Faubourg Saint-Denis. Familia inayotaka msikiti karibu irudi kwenye jibu langu la kwanza: Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, uko wilaya ya 5, ng'ambo ya barabara kutoka Jardin des Plantes.

Kwa bamia, mihogo, ndizi za kupika na samaki, nendeni Château Rouge katika wilaya ya 18, kwenye soko la Dejean. Utasikia Kilingala kabla ya Kifaransa, na mama mmoja pale alinichagulia ndizi mbivu kwa kuzibonyeza moja moja kama niko Kariakoo. Mchele wa kila aina uko kwenye maduka ya Waasia wilaya ya 13. Unga wa ugali beba kidogo kutoka nyumbani. Nyama na maziwa msibebe, Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuviingiza.

Jumapili mchana maduka mengi ya chakula hufungwa. Jazeni friji Jumamosi.

Viza inataka uthibitisho wa malazi. Tulipe kabla hatujaipata?

Weka nafasi inayofutika bila gharama, na tarehe ya mwisho ya kufuta iwe baada ya siku unayotarajia jibu. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe hadi zibaki siku chini ya 15. Majina ya wote, watoto wakiwemo, yaonekane kwenye karatasi ya malazi, na siku zote za safari zifunikwe bila pengo. Kila mtoto ana ombi lake. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya 6 hawalipi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Kama mnafikia kwa shangazi au kaka anayeishi Ufaransa, si barua ya kawaida inayohitajika. Mwenyeji anakwenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba attestation d'accueil, analipia stempu ya euro 30, na karatasi halisi inakufikia kabla ya kwenda kuwasilisha ombi. Mwambieni mapema, maana anaweza kuhitaji miadi.

Ndege yetu inafika asubuhi. Chumba tutakipata saa ngapi?

Ndege za usiku kutoka Nairobi hushuka asubuhi, na vyumba vingi hutolewa saa tisa alasiri. Hapa hoteli inaishinda fleti: unaacha mabegi mapokezi na watoto mnawapeleka bustanini. Kwa fleti, mwandikie mwenye nyumba mapema, au tumieni hifadhi ya mizigo kwenye stesheni kubwa.

Kutoka Charles de Gaulle, teksi rasmi zina bei isiyobadilika: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 hadi ukingo wa kulia na 65 hadi ukingo wa kushoto, kwa gari, si kwa mtu. Kwa watu wanne wenye mabegi, nafuu hiyo ni ya kweli. Panga foleni penye kibao cha teksi, na anayekufuata ndani ya jengo akikuita usimsikilize. Mkishukia Orly, metro namba 14 inafika hapo tangu Juni 2024, na kama nilivyosema, lifti ziko kote.

Kuna gharama zisizoonekana kwenye bei?

Kodi ya malazi, inayohesabiwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Hoteli ya nyota tatu ni zaidi ya euro 5. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Kwa fleti ongeza ada ya usafi na amana, na pigeni picha za nyumba mnapoingia.

Tunataka pia kwenda Disneyland.

RER A, dakika 40 hivi kutoka katikati, unashuka mwisho wa njia, Marne-la-Vallée Chessy. Kulala Vincennes au Nation kunawaweka kwenye njia hiyo tayari. Siku moja ya Disneyland haihitaji kuhamisha mabegi.

Shule zinafungwa Agosti na Desemba. Mwezi gani ni bora kwa malazi?

Agosti Waparis wenyewe husafiri, mitaa ya makazi hupoa, na hata mwoka mikate wa jirani anaweza kuwa amefunga. Kubwa zaidi ni joto. Fleti nyingi hazina kiyoyozi, na tarehe 25 Julai 2019 mji ulifika nyuzi 42.6. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la zinki, ndiyo inayochemka. Agosti tafuta climatisation kwenye tangazo, au ghorofa ya chini kidogo inayotazama uani.

Desemba baridi si tatizo, nyumba zina joto. Linalowashangaza watoto wetu ni jua. Wamezoea lizame saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hapo linazama kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo bustani ni za asubuhi na jioni ni ya ndani. Juni ni kinyume: saa nne kasorobo usiku bado kweupe, na mtoto anakuuliza kwa nini alale mchana. Uliza kama vyumba vina volets, vile vibao vya kufunga dirisha kwa nje. Kama hakuna, beba khanga mbili nzito na vibanio vya nguo.